Sio nungunungu huyo: ukimuona kalunguyeye mchana wa baridi London

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia zetu kutoka Muscat, Dubai na Doha huanza kufunga masanduku ya London. Wengine wana watoto wanaosoma huko, wengine wana ndugu waliohamia zamani, na wengine wanaifuata baridi yenyewe, wapate kuvaa yale makoti ambayo Muscat hayana kazi. Na kila baada ya muda utamsikia mtu akipiga simu nyumbani kwa furaha: "Leo tumemuona nungunungu!"

London? Nungunungu?

Hayupo. Nungunungu wa porini hapatikani London wala popote Uingereza. Aliwahi kuwepo kwa muda mfupi, na kisa chenyewe kinachekesha kidogo. Mwaka 1969 jozi moja ya nungunungu wa Himalaya ilitoroka kutoka bustani ya wanyama karibu na mji wa Okehampton, mkoa wa Devon, kusini-magharibi mwa nchi. Wakazaana huko, wakawa wanabandua magome ya miti katika mashamba ya misonobari, mpaka wakategewa mitego na kumalizwa miaka ya sabini. Tangu hapo ukitaka kumuona nungunungu Uingereza ukate tiketi ya bustani ya wanyama.

Basi yule mwenye miiba anayeonekana chini ya vichaka vya London ni nani? Ni kalunguyeye. Waarabu wanamwita qunfudh, na nungunungu wanamwita nis, kwa hiyo Kiarabu kinatenganisha vizuri, na Kiswahili pia kinatenganisha, ila sisi tuliokulia mijini tumelisahau neno moja tukabaki na lingine. Miiba tu ndiyo inayowafananisha. Nungunungu ni mgugunaji, jamaa ya panya, na mkubwa wao hupita kilo 20. Kalunguyeye wa Ulaya akiwa mzima kabisa hafiki kilo moja na nusu, unaweza kumuweka katika bakuli la saladi, na udugu wake ni kwa kirukanjia, yule mwenye pua ndefu. Nungunungu hula mizizi, mihogo na magome. Kalunguyeye hula mende, viwavi, koa na nyungunyungu. (Ndiyo, nyungunyungu. Kiswahili hapa kimetutega wenyewe.) Miiba ya nungunungu ni mirefu na hung'oka upesi ikamganda adui, ndiyo maana watu wanasema huitupa kama mishale, jambo ambalo si kweli. Ya kalunguyeye ni mifupi kuliko kijiti cha meno, iko kati ya 5,000 na 7,000, na haing'oki ovyo. Yeye akiogopa hujikunja akawa mpira, basi, anangoja.

Nimeyaandika yote hayo kwa sababu tofauti ya majina si ya kamusi tu. Ukimdhania nungunungu utampa nafasi yake umuache aende zake, na utakuwa umefanya sawa. Lakini kalunguyeye anayeonekana mchana, mwezi wa Januari, mara nyingi yuko njiani kufa.

Tuliliona hilo Januari hii. Tulikuwa watu saba, marafiki na jamaa, tumeamua Jumapili tutoke nje badala ya kushinda ndani tunakunywa chai na kulalamikia baridi. Tukapanda treni mpaka Hampstead Heath, kaskazini mwa London. Ni uwanda mkubwa wa msitu, majani na mabwawa, hekta zipatazo 320, na ukipanda kilima chake cha Parliament Hill unauona mji wote chini yako. Tuliondoka mapema maana siku za huko wakati huo ni fupi ajabu, jua linazama kama saa kumi na robo jioni. Ardhi ilikuwa imeganda, ukikanyaga majani yanalia kama biskuti.

Aliyemuona mwanzo ni Bi mkubwa, mama yake rafiki yangu, aliyekuja kutoka Seeb kuwatembelea wajukuu. Yeye kazaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka huko, na utotoni nungunungu walikuwa wakija usiku kuwalia mihogo. Kwa hiyo alijiamini.

"Tizameni, nungu! Nungu mdogo."

Alikuwa kando ya njia, kwenye majani mafupi, nje kabisa. Ukubwa wa chungwa. Hakujikunja tulipomkaribia. Alikuwa amelala ubavu, miguu imetoka, na anayumba akijaribu kuinuka.

"Masikini, anaota jua," akasema rafiki yetu wa Mombasa. "Muacheni. Kitu cha porini kina Mola wake."

Mjukuu wa Bi mkubwa, wa miaka tisa, anayesoma shule ya huko, akamvuta bibi yake mkono. "Bibi, sio nungu. Na haoti jua. Mwalimu alitwambia, wao wanatoka usiku tu. Akitoka mchana anaumwa."

Pakawa na mabishano ya hapo njiani, mnajua tena sisi. Mmoja anataka apewe maziwa. Mwingine anasema Uingereza ina sheria kali, ukimgusa mnyama wa porini utashtakiwa. Mwingine anasema tumpige picha twende zetu, baridi inaua. Wakati tunabishana yule mnyama akaacha kuyumba, akatulia. Bi mkubwa ndiye aliyemaliza maneno. "Mtoto anajua kuliko nyie. Pigeni simu."

Katika simu alipokea mama mmoja wa kujitolea, sauti ya mtu mzima, hana haraka. Aliuliza mambo matatu: yuko wapi, ana ukubwa gani, na je, nzi au mayai ya nzi yanaonekana juu yake. Kisha akatupa maelekezo, na nayaandika hapa kama alivyosema kwa sababu ndiyo yatakayomfaa msomaji atakayekutwa na jambo hili.

Mshike kwa glavu nene au kwa kitambaa, mikono yote miwili, kwa upole. Muweke katika boksi refu la kadibodi ili asipande akatoka, na chini utandike taulo ajifiche ndani yake. Kisha joto. Hili alilikariri mara mbili: mnyama aliyepoa hawezi kula, hata ukimpa chakula tumbo halitafanya kazi, kwa hiyo joto linakuja kabla ya chakula. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa kwa kitambaa isimuunguze, iwekwe upande mmoja wa boksi ili akiona joto limezidi asogee. Usimpe maziwa kabisa, kwani tumbo lake haliyawezi na humharisha mpaka akafa. Mkate pia hapana. Akishapata joto apewe maji kidogo na chakula cha paka cha kopo, chenye nyama. Halafu apelekwe kwa anayejua, siku hiyo hiyo.

Na sheria? Sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kumtega na kumuua kwa njia fulani. Kumchukua mgonjwa ili atibiwe hakukatazwi, mradi nia ni kumrudisha porini akipona.

Mkahawa wa karibu ulitupa boksi la ndizi na ukatujazia chupa maji ya moto bila ya kutudai kitu. Taulo hatukuwa nalo. Bi mkubwa akavua shali yake ya sufi, ile nzuri, akamfunika. Binti yake alitaka kusema kitu, akanyamaza.

Anayewahudumia kaskazini mwa London tuliyeelekezwa kwake ni mstaafu, na chumba chake cha nyuma kimejaa vizimba, kila kimoja na karatasi ya uzani na dawa. Alimuweka wetu juu ya mizani ya jikoni: gramu 310. Akatikisa kichwa. Akasema huyu kazaliwa Septemba, labda mwisho wake, katika uzazi wa pili wa mwaka. Mama yake kamuacha kama wanavyowaacha wote wakitimia wiki sita hivi, lakini baridi imemkuta hajanenepa.

Hapo ndipo ilipo siri ya mnyama huyu. Kalunguyeye wa Ulaya hashindani na baridi, hulala. Kuanzia Novemba au Desemba mpaka kama Machi, wakati wadudu wamekwisha, hujitengenezea kiota cha majani makavu chini ya kichaka au ndani ya rundo la magogo, akazima karibu kila kitu mwilini. Mapigo ya moyo, ambayo akiwa macho yanafika kama 190 kwa dakika, hushuka mpaka karibu 20. Joto la mwili hutoka nyuzi 35 likaenda 10 au chini ya hapo. Anaishi kwa mafuta aliyoyaweka tangu kiangazi. Katikati huamka mara kadhaa, pengine akahama kiota, kwa hiyo ukimuona anatembea usiku wa Januari, mwendo wake mzuri, usishtuke wala usimguse. Wa mchana ndiye mwenye shida.

Wataalamu wengi husema anahitaji kati ya gramu 450 na 600 aingie usingizini na aamke. Mwenye 310 akilala, mafuta yanakwisha Januari. Mwili unamuamsha kwa njaa, anatoka kutafuta chakula ambacho hakipo, mpaka anatafuta na mchana. Na mchana wa nyuzi sifuri anapoteza joto kuliko anavyopata. Ndivyo tulivyomkuta sisi, na wapita njia wengine bila shaka walimuona wakadhani anaota jua.

Mpaka naandika haya amefika gramu 520. Usiku wa kwanza hakula, wa pili alikula nusu kijiko, na kisha, kwa maneno ya yule mstaafu, akawa mlafi. Atabaki huko mpaka usiku uwe na vuguvugu kidogo, halafu atarudishwa pale pale alipookotwa. Bi mkubwa ameshauliza bei ya tiketi ya Aprili.

Sasa utaniuliza, kalunguyeye mmoja ni kitu gani katika mji wa watu milioni tisa? Suali zuri. Waingereza wanampenda sana, tangu Beatrix Potter alipomfanya mfua nguo katika kitabu chake cha watoto cha 1905, lakini kumpenda hakukumsaidia. Ripoti iliyotoka mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika mashamba ya Uingereza wamepungua kati ya asilimia 30 na 75 tangu mwaka 2000, kutegemea mkoa. Mwaka 2020 aliingizwa katika orodha ya wanyama wa Uingereza walio hatarini kutoweka, na mwaka 2024 orodha ya kimataifa ya IUCN ikampandisha daraja moja kuelekea hatarini kwa Ulaya nzima. Mijini hali imetulia zaidi. Mashamba makubwa yamekata nyua za vichaka na kupiga dawa za kuua wadudu, ilhali mjini bado kuna bustani za nyuma ya nyumba.

Lakini katikati ya London penyewe karibu amekwisha. Hyde Park, ambako watoto wetu huendesha baiskeli, hayupo. Kensington Gardens hayupo. Katika mabustani ya kifalme ya katikati ya mji amebaki Regent's Park peke yake, ile iliyopakana na msikiti mkuu wenye kuba la dhahabu. Wengi wenu mmepita hapo baada ya sala ya Ijumaa mara nyingi bila ya kujua. Tangu mwaka 2014 wanafuatiliwa kwa makini: watu wa kujitolea hutembea usiku na tochi pamoja na kamera za kuona joto, wanawahesabu mmoja mmoja. Ni makumi machache tu. Mradi wa reli ya mwendo kasi, HS2, ulipopanga kutumia maegesho ya magari ya London Zoo kwa malori yake, zilipigwa kelele nyingi kwa sababu wanyama hawa walikuwa wakitumia vichaka vya pembeni yake. Nje ya hapo, taasisi ya ZSL inayoendesha London Zoo hutega kamera sehemu mbalimbali za mji, Hampstead Heath ikiwemo, na huko wameonekana. Wetu, kwa hiyo, hakuwa mpotevu. Alikuwa kwao.

Kinachowamaliza mjini ni gari, na ukuta. Kalunguyeye hutembea kama kilomita moja mpaka mbili kila usiku akitafuta chakula, na bustani moja haimtoshi. Sisi tukihamia nyumba mpya jambo la kwanza ni kuziba ua, na ndugu zetu wengi London wamebadilisha bustani kwa vigae au nyasi za plastiki, kwa sababu nani ana nafasi ya kukata majani? Nawaelewa, mimi mwenyewe siyapendi majani. Lakini ukiwa na ua wa mbao, tundu la sentimita 13 kwa 13 chini yake linatosha apite, na paka wengi na mbwa hawapiti. Kampeni ya Hedgehog Street, iliyoanzishwa mwaka 2011 na jumuiya mbili za huko, inawahimiza majirani watoboe matundu hayo kwa kufuatana, bustani kwa bustani, mpaka mtaa mzima uwe njia moja. Kama nyumba ni ya kupanga, muombe mwenye nyumba kwanza. Punje za sumu ya konokono ziacheni dukani. Na kama kuna rundo la majani au magogo nyuma ya nyumba wakati wa baridi, lisichomwe wala kufagiliwa mpaka lichunguzwe ndani. Usiku wa tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapowasha moto wa sherehe, kila mwaka kuna walioingia kulala ndani ya kuni hizo.

Yule mtoto wa miaka tisa alikuwa na suali lake katika treni ya kurudi: kwa nini Oman hawapo? Bibi yake akasema kule joto, watakaa wapi.

Wapo. Kalunguyeye wa jangwani anaishi Bara Arabu lote, Oman, Emirates, Qatar, Saudia, ni mdogo kuliko wa Uingereza, masikio yake makubwa na uso wenye rangi nyeusi na nyeupe. Katika milima ya Oman kuna na aina nyingine tena, mweusi zaidi. Hata nungunungu wa kweli yupo Bara Arabu, ingawa kumuona ni bahati. Na lililonishangaza mimi nilipoanza kusoma habari zake ni kwamba qunfudh wa jangwani naye hulala baridi. Watafiti waliowafuatilia Qatar waliwakuta wamejificha hasa Januari na Februari, wakati usiku unapopoa na wadudu kupungua. Baridi yenyewe ni ile ambayo sisi tunaiita hali ya hewa nzuri, tunatoka na mikeka na thermos ya chai.

Nilipompigia Bi mkubwa kumwambia hayo, keshafika Seeb, alimuita mwanawe mwenye shamba Barka aulizwe. Kijana akasema mbona anawajua, wafanyakazi huwakuta chini ya mitende usiku wanapofungua maji, wanawasogeza pembeni kwa koleo. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuambia mama yake, kwa sababu hakuna aliyeuliza.